Maneno ya Akiba

Beki alipoanguka hakuna aliyemgusa. Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja, refa anautazama mpira, watazamaji nao vilevile, na aliyemwona akienda chini ni mtu mmoja tu kwenye viti vya waandishi: mwanamke wa miaka arobaini na sita ambaye watu wote wa michezo walimwita Dakika. Yule kijana alipiga magoti kwanza, kama anayetafuta kitu kwenye majani, halafu akalala kifudifudi. Dakika akaangusha kalamu palepale alipokaa. Wenzake walidhani ni huruma. Huruma ilikuwepo, ila hofu ilikuwa imeitangulia, kwa sababu gazeti la jana yake lilikuwa limeandika, chini ya jina lake, kwamba daktari wa timu amempima beki huyo, hana tatizo, na Jumamosi atacheza.

Daktari hakusema hivyo. Daktari hakuwa amesema chochote.

Jina la Dakika alilipata kwa sifa nzuri. Kwa miaka ishirini na miwili ukurasa wake haukuchelewa kwenda mtamboni hata mara moja. Wengine waliumwa, waliolewa, walizaa, walikwama njiani. Yeye pia alifanya yote hayo, lakini ukurasa ulifika. Kurasa za michezo zilifungwa saa kumi na mbili jioni, na mtu uliyemtaka aseme neno mara nyingi saa kumi na mbili hapatikani. Ndipo yalipozaliwa maneno ya akiba. Kila mwandishi pale alikuwa nayo, ya kila mtu. Kocha aliyefungwa: "Tumeyaona makosa yetu, tunakwenda kuyafanyia kazi." Mwenyekiti wa klabu: "Mashabiki wawe watulivu." Si ndivyo wanavyosema siku zote? Sasa kuna haja gani ya kumsumbua mtu na simu ili aseme unachokijua? Mkuu wa meza ya michezo, msimamizi wao, alikuwa akipita nyuma ya viti na neno moja tu: "Mjazie." Nao wakamjazia. Kocha mmoja alifika hata kumshukuru Dakika. "Dada, umenisemea vizuri kuliko ninavyojisemea mwenyewe." Kisa hicho alikisimulia kwa miaka, na kila mara walicheka. Mazoea yana taabu, walisema wazee, na wala hawakuwa waandishi wa michezo.

Jumatano ya wiki ile beki aligongana kichwa na mwenzake mazoezini. Alhamisi Dakika alimpigia daktari mara tatu, simu ikaita mpaka ikachoka. Hakujua kwamba adhuhuri ile daktari alikuwa amefiwa na mdogo wake na yuko njiani kwenda kuzika. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, mkuu wa meza alikuwa amesimama mlangoni akiitazama saa. Daktari naye alikuwa na mstari wake wa akiba, uliokwisha kutumika kwa vifundo vya miguu na misuli ya mapaja isiyo na idadi: "Nimempima, hana tatizo, Jumamosi atacheza." Vidole vikauandika vyenyewe. Kifundo ni kifundo na kichwa ni kichwa, mtoto wa darasa la tatu anajua. Dakika alikuja kulijua hilo Jumamosi, kwenye kiti.

Ijumaa daktari hakuwepo kumpima kijana mara ya pili kama alivyokuwa amepanga. Lakini gazeti lilikuwepo. Kocha alilisoma na chai, akafurahi. Msaidizi wake aliposita kumpanga kijana, beki mwenyewe alimwambia, "Si umesoma? Daktari kashamaliza." Sasa alikuwa hospitali. Siku ya nne alifumbua macho, lakini kumtambua mama yake bado. Chama cha mpira kiliunda kamati, kikamsimamisha daktari kazi, na ikasemwa wazi kwamba ikithibitika alimruhusu kijana acheze, hatagusa mgonjwa tena maisha yake. Barua ya kamati ilimtaka Dakika afike na daftari lake.

Kuanzia hapo hofu ikahamia kwake na mizigo yake yote. Simu ikilia, anaitazama mpaka inyamaze. Akipita mtu koridoni kwa haraka, anafikiri anaitwa. Chakula alikipeleka mdomoni, kikarudi sahanini.

"Umekonda," alisema mumewe, fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. "Una nini?"

"Kazi tu, baba watoto."

"Kazi ya miaka ishirini ndiyo imeanza kukukondesha leo?"

Dakika alijifanya anatafuta kanga. Mume huyu alikuwa na tabia ya kuwasomea wateja wake habari alizoandika mkewe, wakiwa wamesimama wanasubiri friji zipate baridi. Angemwambia nini? Kwamba nusu ya watu aliowasoma kwa sauti ile nzito hawakufungua mdomo?

Siku moja kabla ya kamati, mkuu wa meza alimwita na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa sababu mlango ule ulikuwa haufungiki vizuri. Ilibidi aubane na kiti.

"Ukurasa wa Alhamisi una nini kwenye daftari lako?"

"Namba ya daktari. Basi."

"Nafasi ipo?"

"Nafasi ipo."

Akakuna shingo. "Mwandishi asiye na daftari ni refa asiye na filimbi. Unanielewa?"

"Unataka nighushi, mkuu?"

"Nimesema hivyo mimi? Sijasema." Sauti yake ilitetemeka, na Dakika akaona kumbe hawako tofauti. "Nakuambia tu kwamba wakianza na mstari huo mmoja, watataka na mingine. Wangapi humu ndani watabaki? Mimi nitabaki? Daktari mwenyewe hata hivyo ni mzee, anakaribia kustaafu."

Saa saba mchana, wenzake walipokwenda kula, alijifungia stoo ya magazeti ya zamani na daftari mapajani. Alitumia kalamu ileile ya bluu. Alisubiri, akapumua, akaandika mstari wote wa daktari kwa mkupuo, pamoja na saa: kumi na moja na robo. Akautazama. Ulifanana na ukweli kuliko kurasa nyingine zote, na hilo ndilo lililomtisha.

Asubuhi ya kamati alimkuta daktari kwenye benchi la koridoni, amevaa koti lililompwaya. Alitamani kurudi nyuma, lakini alikwisha kuonekana.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Pole kwa usumbufu, nimekuponza na wewe."

Dakika alikaa kwenye ncha ya benchi. Alikuwa amejiandaa kwa ukali. Usiku na mchana alikuwa amejipangia majibu ya kumpa mtu mkali.

"Jina lako nililiona kwenye simu siku ile," daktari aliendelea taratibu. "Nalikumbuka kabisa. Ila nilikuwa nimetoka kuambiwa habari za mdogo wangu, simu za pole zinaingia moja juu ya nyingine, napokea bila kujua nazungumza na nani. Kila siku nakaa najiuliza, hivi nilimwambia nini yule binti?" Akamgeukia. "Nilisikika vipi? Nilisikika kama mtu mwenye akili zake?"

Kwa wiki mbili alikuwa ameogopa kukamatwa. Sasa aliogopa kwamba hatakamatwa.

Karani akawaita. Chumbani kulikuwa na watu watano nyuma ya meza ndefu na feni iliyolalamika. Mwenyekiti alisoma mstari wa gazeti, akauliza kama daktari anaukana.

"Siukumbuki," daktari alisema. "Lakini siukani. Huyu nimefanya naye kazi miaka mingi, hajawahi kunisingizia. Kama ameandika, basi nilisema."

Pale mezani mabega yakashuka. Ilikuwa rahisi kuliko walivyotarajia. Mwenyekiti alikwisha kuinua kalamu, akanyoosha mkono wa pili bila hata kutazama. "Daftari, mama, tuambatanishe tu."

Lilikuwa mkononi mwake, limefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Hatua nne tu mpaka mezani. Dakika alizipiga mbili. Alimfikiria mumewe, na mkuu wa meza, na kiti kilichobana ule mlango.

"Hakusema," alisema.

"Nani hakusema?"

"Daktari. Sikuzungumza naye. Nilipiga, hakupokea, nikaandika mwenyewe. Na huu mstari humu nimeuandika jana, stoo." Sauti yake ilikuwa ndogo sana, ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu sasa wote walisikia.

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Mmoja akaanza kuuliza maswali, mwingine akamkatiza. Dakika hakuwa anawasikia. Alikuwa anamtazama daktari, akingoja atukanwe, na angeshukuru kutukanwa. Daktari hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anahesabu jambo, midomo inamtembea.

"Kwa hiyo sikuchanganyikiwa," alisema.

"Hukuchanganyikiwa, mzee wangu."

"Nilikwenda kwa mama wa kijana." Alisema polepole, kama anayemweleza mgonjwa. "Juzi, hospitali. Nilipiga magoti pale wodini mbele ya watu, nikamwambia, mama, ni mimi niliyemruhusu mwanao, nisamehe. Akaniambia hawezi. Akanifukuza."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti lake, wajumbe wakimwita arudi akae. Hakukaa. Alikwenda mpaka mlangoni, akaufungua, akaushika wazi ili mtu mwingine apite.

"Njoo," alimwambia Dakika. "Mama yake yuko kule wodini sasa hivi. Nataka unisemee."