Tulipopita Buigiri Bila Kusimama

Kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao. Nakaa mwisho wa meza, nasikiliza, naandika nani alisema nini na kilikubaliwa nini. Kwa miaka yote niliyoifanya kazi hii hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nimemwekea maneno mdomoni. Nyumbani ni habari nyingine.

Kwetu Wagogo, mama hazungumzi ana kwa ana na mume wa binti yake. Hali naye meza moja, hamtazami usoni, na akimwona anakuja hujitanda khanga na kumpisha. Ni heshima, si chuki. Mume wangu ni Mnyamwezi na kwao pia wakwe huheshimiana hivyo, kwa hiyo jambo hili halikumpa shida. Ila kwa miaka kumi na moja wawili hao wamejuana kupitia kwangu tu. "Mwambie mkwe." "Mwambie mama." Napeleka, narudisha.

Wikiendi ya Pasaka mama alikuja kwetu Nzuguni kutoka kijijini kwake, wilayani Kongwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye akaja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Mume wangu akasema ni aibu wageni kuja makao makuu ya nchi na kuishia kuangalia televisheni sebuleni. Nikachukua daftari, nikapanga: Jumamosi asubuhi Bunge, kisha stesheni mpya ya treni, chakula cha mchana, halafu Mji wa Serikali kule Mtumba. Jumapili kanisani na kupumzika. Jumatatu tumrudishe mama kwake kwa gari.

Mama alikaa nyuma ya kiti cha dereva, mahali ambapo kioo cha kati hakimfikii.

"Mwambie mkwe anakimbia," akasema hata hatujafika mjini. "Mimi kule nyumbani sijaaga watu."

"Mama anaomba upunguze mwendo kidogo," nikamwambia mume wangu.

"Mwambie mama tukipunguza zaidi ya hapa tutapitwa na ng'ombe."

"Amesikia, mama. Anapunguza."

Hivyo ndivyo nilivyozoea kufanya. Neno lenye ncha nalichonga kwanza, ndipo nalipeleka. Nilijiona mwerevu kwa hilo.

Bunge tuliliangalia kutoka nje ya uzio. Mama akauliza kama ni humo wanamogombana wale wa kwenye redio. Mtumba alizitazama wizara, jengo moja baada ya jingine, vioo kutoka chini hadi juu, akauliza, "Nani anayafuta yote haya?" Hilo nililipeleka kama lilivyo, na mume wangu akacheka hadi akasimamisha gari.

Lakini kabla ya Mtumba tulikula, na hapo ndipo lilipoanzia. Mama aliketi na wanangu wawili meza ya pembeni, ametupa mgongo, na mhudumu akaninong'oneza akiuliza kama tumegombana. Nikamwomba ndimu. Akaleta. Nikamwomba nyingine. Wifi yangu akapiga makofi.

"Wagogo bwana! Kuomba kuko kwenye damu. Wenzako pale Dar, taa ikiwaka nyekundu tu, hao dirishani! Mimi nakuwa nimeshaandaa sarafu za watani zangu."

Mgogo na Mnyamwezi ni watani, ana ruhusa ya kusema hayo hata msibani. Mama, ambaye kwa wifi hafungwi na mwiko wowote, alimjibu bila kugeuka: "Bora sisi tunaoomba. Nyie mlibeba meno ya tembo ya wenyewe mpaka vichwa vikawa bapa. Hebu jishike utosini."

Wifi akajishika utosini kweli. Meza zote mbili zikacheka, mhudumu naye. Mimi nilicheka nao huku masikio yakiwaka moto. Siku nyingine ningemjibu mwenyewe, na vibaya zaidi. Siku ile nilikaa na ndimu yangu mkononi, nikiwaza wenzangu wa ofisini wangenionaje kama wangekuwepo.

Jioni tulikuwa jikoni, mama na mimi, tukichambua mchele. Akasema, "Jumatatu tukifika Buigiri, mwambie mkwe asimame. Nina furushi la mjomba wako."

Mjomba ni mdogo wake wa mwisho, haoni tangu utotoni. Alisoma pale Buigiri kwenye shule ya wasioona, akaoa palepale, na hadi leo anasuka viti vya kamba kando ya barabara kuu. Mama alikuwa hajamwona tangu mavuno ya mwaka uliopita, na alikuwa amesikia kwamba kifua kinamsumbua. Furushini mlikuwa na karanga, mlenda mkavu na sweta aliyomnunulia mnadani.

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Nilimwona akilini mwangu mjomba amekaa chini karibu na lami, fimbo imelala pembeni, mikono yake ikinipapasa uso kama anavyonisalimu siku zote, na wifi yangu akitazama kutoka garini. Nilijua angeshuka na kumwamkia vizuri, maana ana adabu. Bado sikutaka aone. Usiku ulipita, Jumapili ikapita.

Jumatatu tuliondoka sote saa nne, wifi akiwemo. Tulipoipita Chamwino mama alilivuta furushi kutoka miguuni akalipakata. Nikaona kwenye kioo cha pembeni anafunga upya fundo la khanga, kama mtu anayejiandaa kushuka. Mume wangu alikuwa anasimulia habari za ofisini kwake. Nilikuwa na nafasi ya kumkatiza. Badala yake nikawaonyesha wanangu kundi la mbuzi upande wa pili wa barabara.

Buigiri ikaja, viti vya kamba vimepangwa nje, na ikabaki nyuma yetu.

"Ulimwambia?" mama akauliza kwa Kigogo, taratibu. Humo garini Kigogo tulikuwa tunakijua sisi wawili tu.

"Nilimwambia," nikamjibu kwa Kigogo. "Amesema tumechelewa."

"Mama anasemaje?" akauliza mume wangu.

"Anasema huku mvua imenyesha vizuri."

"Mwambie ni kweli. Mahindi yamependeza."

Mama akalirudisha furushi miguuni hadi kwake. Aliposhuka aliniambia, "Mwambie mkwe nashukuru. Gari ni lake, simlaumu." Nilipeleka nusu ya kwanza. Mume wangu alirudi Nzuguni akiimba, akasema safari hii anahisi mama amemkubali.

Wiki iliyofuata mama alipanda basi mwenyewe na furushi lake, akamkuta mjomba anaendelea vizuri. Lakini hakuja tena kwetu. Mume wangu alimwalika wakati wa mapumziko ya Idi, akamwalika watoto walipofunga shule. "Mwambie mkwe nina kazi shambani," ndilo lilikuwa jibu, hata miezi ambayo shambani hakuna jani. Mume wangu akaanza kuniuliza amekosea wapi.

Mwezi wa tisa mume wangu alikuwa anatoka Morogoro kikazi, akasimama Buigiri kununua viti viwili, akitaka kumpelekea mama kimoja. Mjomba si mama mkwe. Yeye huongea naye moja kwa moja. Alimpapasa uso, akaitikia shikamoo yake, kisha akamwuliza, "Mkwe, siku ile ulikuwa unakimbilia wapi hata dada yangu asishuke?"

Mume wangu alinisimulia hayo akiwa amesimama mlangoni, viti bado vimo garini.

"Ukamjibuje?"

"Nilimwomba radhi. Ningesema nini? Kwamba mke wangu hakuniambia?" Hakupandisha sauti. "Nenda ukamwambie mama. Mimi siwezi, unajua."

Nilikwenda Jumamosi. Mama alikuwa uani anabangua karanga. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia ndimu hadi mbuzi, bila kuchonga kitu. Hakuacha kubangua. Nilidhani atauliza kwa nini nilimwonea aibu mjomba, na jibu nilikuwa nalo. Hakuuliza hilo.

"Nilipolazwa," akasema, "ulinipigia simu ukaniambia mkwe anasema nisirudi kijijini, nikae kwenu hadi nipone kabisa. Yalikuwa maneno yake au yako?"

"Yake, mama. Aliyasema yeye."

"Na shuka alizonitumia?"

"Alizichagua mwenyewe."

Akarudi kwenye karanga zake. Nilirudia kwamba ni kweli, nikaapa, na nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyoona haniamini.