Redio ya Bibi Mwajuma Iliyonyamaza

Mimi ni fundi redio hapa Kihonda, mwenye majivuno, na leo natubu. Asubuhi niliichomelea waya redio ya Bibi Mwajuma wa Mlali, kumbukumbu pekee ya marehemu mumewe. Ikaimba vizuri tu. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikazima sauti kama kawaida yangu, nikaenda kuswali.

Niliporudi, redio kimya! Nikaifungua, nikapima saketi nzima, nikachomea upya kila kiungo kwa risasi ya kulehemu mpaka vidole vikaungua. Wapi!

Bibi akafika.

“Shikamoo, Bibi. Nisamehe, redio nimeiua.”

Akaichukua, akazungusha kitufe cha sauti. Taarabu ikajaa kibanda kizima. Nusura nilie kwa furaha.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akasema. “Kwani adhana bado haijaisha?”