Kavira na simbilisi ya mu jikoni

Leo mutoto wa dada yangu amenifunga kinywa mbele ya préfet wa masomo, mukubwa wa sekondari.

Kavira alikimbia vita kule Beni. Bulletin zake, makaratasi ya pointi za masomo, ziliungua na nyumba. Lakini anataka kusoma chimie-biologie, juu siku moja asomee udaktari.

Mie niliishamuambia achukue tu couture, ashone nguo.

Préfet akauliza, "Bila bulletin, nitajua je kama unaweza?"

Kavira akaomba chaki. Akachora ku ubao simbilisi, ile kanyama kadogo kama sungura tunafugaka mu jikoni. Moyo, mapafu, maini, kila kitu pa nafasi yake.

"Nani alikufundisha?"

"Mama. Kila siku ya kuchinja alikuwa ananionyesha."

Préfet akaandika jina lake mu chimie-biologie.

Nimepigia dada simu. Yeye hapana jua kusoma, basi nimemusimulia ubao yote.

Akauliza, "Na nyongo, hakuisahau?"

Bandugu, ilikuwamo.