Kayamba ya Mama na Grafu ya Pili

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi wa redio Nakuru, katika duka la mzee mmoja Kalasinga. Kwaya ya kwetu Rongai ilikuwa inatumia amplifaya niliyoiunda mwenyewe. Basi Jumapili moja mama yangu akaambiwa na mwalimu wa kwaya aweke kayamba yake chini. Eti kila akiitikisa, spika zinakwaruza na maneno ya wimbo hayasikiki. Kayamba hiyo alikuwa akiipiga tangu sijazaliwa! Nilipomwona amekaa benchi la nyuma, mikono mitupu, niliwaka.

Kesho yake nikaifungua amplifaya na kusoma tena karatasi ya maelezo ya chipu inayokuza sauti. Grafu ya kwanza ilionyesha chipu inafanya kazi mpaka mitetemo milioni kwa sekunde. Kayamba haifiki hata karibu na hapo. Mzee akasema basi kosa ni la kayamba. Nikamjibu, kwa heshima lakini bila kucheka, kwamba kayamba haina kosa.

Nikageuza ukurasa. Palikuwa na grafu nyingine ambayo sote wawili tuliiruka, mstari unaoenda sawa halafu unateremka kama barabara ya Mai Mahiu. Nikaufuata kwa kidole. Kumbe! Ile ya kwanza ilihusu sauti ndogo, kama mbinja tuliyopiga dukani wakati wa kuijaribu. Ya pili ilihusu sauti kubwa. Volti zinazotoka kwenye chipu hupanda na kushuka kwa kasi yenye kikomo, hata uisukume vipi. Sauti nyembamba, yaani yenye mitetemo ya haraka, ikiwa ndogo, chipu inaiweza. Nene ikiwa kubwa, inaiweza pia. Lakini nyembamba na kubwa kwa pamoja, kama kayamba mbele ya maikrofoni, chipu inaachwa nyuma, na sauti za waimbaji zinaharibika nayo.

Nilipiga meza kwa furaha hadi chai ya mzee ikamwagika. Dawa ilikuwa chipu isidaiwe volti nyingi. Nikabadilisha rezista mbili ili ikuze kidogo, kazi iliyobaki ifanywe na transista zinazoifuata. Mzee akatikisa kopo la misumari kwenye maikrofoni huku mimi naimba. Kila neno likasikika. Wacha we, niliimba wimbo wote!

Jumapili nikamwomba mwalimu wa kwaya amrudishe mama. Akasita, akakubali, ila akamwambia asimame nyuma kabisa, mbali na maikrofoni.

"Mashine hii ameiunda binti yangu," mama akamjibu, akapita katikati ya waimbaji, akaenda kusimama mbele.