Kupe wa Mbweha

Mjomba wangu ana imani moja ambayo hakuna aliyewahi kumwondolea: mnyama mharibifu akifa, mtundike shambani, wenzake watamwona na kuogopa. Ametundika kunguru, ametundika ngedere. Wenzao wanakuja, wanamtazama marehemu, wanakula mahindi. Mjomba haoni.

Basi siku mbweha alipoingia uani kwa mama kule Mkange, mchana kweupe, amekonda, anapepesuka, akaanguka kando ya banda la kuku na kufa, mjomba alifurahi kama kaletewa posa. Mimi nilikuwa nimetoka Mapinga kuja kumjulia mama hali. Masikio ya yule mbweha yalijaa kupe, wamevimba kama punje za kunde. Nikamwambia mjomba, "Huyu alikuwa mgonjwa, mzike."

"Wewe umezoea kukaa na watu wa viwanja vya kujengea," akanijibu. "Mambo ya shamba tuachie." Akamburuza kwa kamba, akamtundika kwenye mkorosho, na chini ya mkorosho huohuo ndipo alipokuwa akilala mbwa wa mama. Jamani!

Mbwa yule ndiye aliyekuwa shamba lenyewe. Tangu baba afariki, yeye ndiye aliyewatimua nguruwe pori wanaotoka upande wa mbuga. Bila yeye mama havuni kitu, na asipovuna itabidi ahamie kwangu Mapinga, jambo analoliogopa kuliko hao nguruwe. Hata hivyo hakuna aliyemgusa. Sisi watu wa sala; mate ya mbwa yakikupata unaosha mara saba, moja kwa udongo, na nani ana nafasi hiyo adhuhuri inaadhiniwa? Akawa anatupiwa ugali kwa mbali na kusifiwa kwa mbali.

Kupe hawana habari na hayo. Mwenyeji wao akishapoa, wanashuka kutafuta mwenye damu ya moto. Haukupita muda nikapigiwa simu kwamba mbwa hali, halali, anakojoa mkojo mwekundu. Nikarudi Mkange nimefura. Ufizi wake ulikuwa umepauka kabisa. Bwana mifugo akaniambia kwenye simu kuwa hiyo ni homa ya kupe, na huenda ndiyo iliyommaliza mbweha. Tuwatoe kupe wote, kisha tumpeleke akachomwe sindano.

"Haya, tuwatoe," nikasema. Mama akamtazama mjomba, mjomba akatazama paa. Yarabi! Dini imesema uoshe, haikusema umwache afe! Maji yapo, na udongo je, Mkange nzima si udongo? Nikawatoa peke yangu, kila kupe na msonyo wake.

Kumpeleka ikawa kazi nyingine. Dereva wa bodaboda akatutazama kama tuna wazimu. "Mbwa sipakii, dada. Hiki kiti wanakalia watu." Wa pili naye vilevile. Nikaanza kufoka pale barabarani mbele ya nyumba, nikiwachanganya wote, madereva, mjomba na mbweha wake. Mama akaingia ndani, akatoka na kanga yake ya sikukuu, akainama.

"Nipandishie."

"Mama, utanajisika!"

"Maji si yapo? Wewe si ndiye uliyesema?"

Nikampandisha. Mama akamfunga mgongoni kama anavyofungwa mtoto, akashika njia. Watu walisimama, wengine wakacheka waziwazi. Yeye aliitikia shikamoo zao zote, kila moja na marahaba yake, wala hakupunguza mwendo. Mimi nyuma yake nikamsema mjomba mwanzo wa safari hadi mwisho. Nikamwambia mama ampumzishe mbwa kivulini, akakataa. Nikamwambia nimpokee, akakataa. Mama yangu akishakataa ni basi, hata umlilie.

Bwana mifugo alituamkia, akafungua kanga, akamgusa mbwa kifuani. "Pole, mama. Huyu amekufa, tena si sasa hivi."

"Najua," mama akasema. "Alikata roho kabla hatujafika msikitini."

Nilipandwa na hasira na machozi kwa pamoja. Msikiti ulikuwa nusu ya njia! "Ulijua? Na jua lote hili ukaendelea kumbeba? Mbona hukuniambia?"

Mama aliikusanya kanga taratibu, bila kunitazama.

"Ningekwambia," akasema, "ungeanza kunifungia mizigo ya Mapinga."