Trela ya Kulala Kwenye Upepo wa Gasorwe

Mwanangu, asubuhi ile nilitoka Gitega bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa kijana, shule nimeiacha mapema, na kila kilichopita barabarani nilitaka kukijua. Nilipofika Mutaho nikaona kitu kigeni kwangu: pikapu inavuta trela ya kulala, nyumba nyepesi yenye kitanda na jiko, juu ya magurudumu mawili. Nikamwomba dereva, Salvatori, anipakie.

"Panda, tufike Muyinga," akacheka. "We utaangalia kama nyumba iko inanifuata!"

Karibu na Gasorwe upepo ukaanza kulaza migomba. Kwenye mpando wa kilima, mwendesha baiskeli mwenye gunia la mkaa akashika trela kwa nyuma ili avutwe, kama wanavyoshika malori huku kwetu. Tulimpungia mkono. Hatukufikiri kwamba lori ni zito, na ile nyumba upepo unaweza kuibeba.

Tulipotokeza juu, penye uwazi, upepo ukaipiga trela ubavuni. Ikayumba, ikatuyumbisha na sisi. Nikageuka, nikaona gurudumu moja limeachana na lami, na yule mtu yuko upande ule inakoinamia, mkono bado umeshika.

"Achilia! We, achilia!"

Upepo ukaimeza sauti yangu. Salvatori, kwa hofu, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Trela ikazunguka, ikalala kwa kishindo. Nilishuka nikiamini nakwenda kutazama maiti.

Kumbe alikuwa ametupwa mtaroni, mweusi kwa mkaa, mzima. Baiskeli yake ilikuwa chini ya trela, imekunjika kama nguo.

Mama mmoja akaja mbio kutoka shambani, akimaka kwa Kirundi. "Yampaye inka! Upepo huu mi nimefungia hata mbuzi ndani, nyinyi munakokota nyumba?"

Akatupa pa kulala, sote watatu. Yule wa baiskeli alishindwa kushika kikombe. Mama akamnywesha uji kama mtoto.

Basi, ukivuta trela, mzigo mzito uweke sakafuni, mbele kidogo ya magurudumu yake. Upepo ukichafuka, simama penye kinga usubiri, hata ukilala njiani. Ikianza kuyumba, usikanyage breki kwa pupa. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, usukani uushike imara, umenyooka. Na mtu akishika nyuma yako, punguza mwendo mapema, umwombe aachie.

Mungu akulinde wewe na kila anayekufuata barabarani, na popote jua litakapokuzamia, ukaribishwe ndani.