Kumchunguza Mchumba wa Neema Mjini Houston

Barua ya posa ilipofika Iringa, kaka zangu walikataa kuijibu mpaka mimi, shangazi wa binti, nikamwone mchumba kwa macho yangu. Neema nimemlea tangu wazazi wake wafariki, na tunaishi wote hapa Mesquite, mwendo wa saa nne kwa gari hadi Houston. Nikisema hapana, barua inarudi ilikotoka.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilishika barabara ya kusini peke yangu, Neema nimemwacha makusudi. Mpaka napita mji wa Corsicana nilikuwa napanga maswali. Mchumba mwenyewe, Espoir, ni Mkongo, muuguzi kama mimi, anakaa Houston mtaa wa Sharpstown, lakini hakunikaribisha kwake. Alitaka tukutane kwenye mkahawa wa Kifaransa, eti mahali patulivu. Patulivu kwa nini? Asiye na mke ndani hufungua mlango.

Saa sita na nusu, Houston. Mkahawa ulikuwa na meza kama kumi za vitambaa vyeupe, na watu wakinong'ona kama wako wodini. Espoir alinipokea kwa mikono miwili, kisha akasemezana Kifaransa na mhudumu. Nikamwambia hapo hapo atumie lugha ninayoielewa. Akamiminiwa divai kidogo, akainusa, akaionja, akaitikia kwa kichwa. Huyu mzoefu, nikasema moyoni. Mimi ni mlokole, niliomba maji.

Supu ya vitunguu ilikuja imefunikwa jibini, tamu kweli, ila sikuipa nafasi. Nilimuuliza kama ana mtoto popote, kama akinywa anapiga mtu, na divai alifundishwa na nani. Alijibu taratibu kwamba alipokuwa anasoma aliosha vyombo mkahawani humo. Sikumwamini. Meza ya pili alikaa mama wa makamo, Mwafrika, peke yake, nyama ya bata mbele yake haijaguswa. Kila nikigeuka, anainamisha macho. Uvumilivu ukanishinda.

“Espoir, yule ni nani wako? Usinidanganye.”

Akaweka kijiko chini, akajibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo. “Ule njo mama yangu, Shangazi. Alitaka akusikie mbele ya kukusalimia.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilijua ndoa ya Neema nimeivunja kwa ulimi wangu. Mama yule akaja na sahani yake, akaketi karibu nami, akaeleza kwamba naye alikuja kutuchunguza, ndiyo maana akamwomba mwanawe asinipeleke nyumbani kwanza.

“Nilikuwa naogopa,” akasema. “Walituambia binti ni yatima. Nikasema, kama hana mutu wa kuuliza juu yake, siku mutoto wangu atamuonea, nani atakuya? Sasa nimekuona.”

Alisema hayo mbele ya mwanawe, bila kupepesa macho. Nikamshika mkono. Bata tulimla pamoja.

Saa kumi nilianza kurudi. Njiani, Huntsville, nilisimama, nikawapigia kaka zangu wajibu barua. Nilikwenda Houston nikidhani Neema ana mimi tu. Sasa tuko wawili tunaomchunguza Espoir.